Kipimo cha Mtu wa Forodha

Liko swali moja ambalo watu wengi huliuliza kila wasimamapo mbele ya sanamu: "Inafanana na nini?" Wakipata jibu huridhika na kwenda zao. Wasipolipata hucheka, au hukasirika, wakasema kwamba wamechezewa shere. Nakusudia katika insha hii kulipinga swali hilo. Sisemi kwamba ni swali la aibu. Mtoto huliuliza, na mtoto ana haki ya kuuliza. Nasema kwamba ni swali dogo, na swali dogo likipewa kiti cha hakimu hutoa hukumu za ajabu. Ushahidi wangu ni kesi ya kweli iliyotokea nchini Marekani, ambamo sanamu ya ndege ilihesabiwa pamoja na vyombo vya jikoni.

Mwezi wa Oktoba, 1926, meli iitwayo Paris iliwasili katika bandari ya New York. Katika shehena yake zilikuwamo sanamu zipatazo ishirini za Constantin Brancusi, mchongaji wa Romania aliyekuwa akikaa Ufaransa. Zilikuwa zikienda kuonyeshwa kwa watu, na msanii Marcel Duchamp alifuatana nazo safarini. Moja katika hizo ilikuwa ya shaba, jina lake Ndege katika Anga, nayo ilikuwa mali ya mpiga picha Edward Steichen, aliyekuwa amekwisha kuinunua. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1922 ilisema kwamba sanamu iliyo kazi halisi ya sanaa huingia nchini bila ya kutozwa kitu. Watu wa forodha walitazama, wakaona kitu kirefu, chembamba, king'aacho kama dhahabu, kilichojaa kidogo katikati na kuchongoka juu. Hawakuona mdomo. Hawakuona mabawa, wala manyoya, wala kucha. Basi wakakata shauri kwamba kitu kile si ndege; na maadamu si ndege, si sanamu; na maadamu si sanamu, ni madini yaliyofuliwa tu kama madini mengine. Wakazitia kazi zile katika fungu la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, wakadai ushuru wa asilimia 40 ya thamani.

Msomaji, usifanye haraka ya kumcheka mtu wa forodha. Hakuwa mpumbavu, wala hakuwa mwovu. Miaka kumi nyuma, yaani mwaka 1916, mahakama ya Marekani ilikuwa imekwisha kuamua kwamba uchongaji ni ufundi wa kuiga vitu vya maumbile, na hasa umbo la mwanadamu, kwa vipimo vyake vya kweli. Mtu wa forodha alipewa kipimo hicho, akakitumia kwa uaminifu. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba kipimo alichopewa chatosha kupima kila kitu kilichomo duniani. Imani hiyo haikufa pamoja naye. Imo madarasani mwetu, ambamo mwanafunzi husifiwa kwa kuchora chungu kilicho sawasawa na chungu, na hukemewa akichora uzito wa chungu kichwani mwa mama. Imo barazani mwa watu wenye elimu, wasemao kwa kujisifu kwamba wao hawakubali kudanganywa.

Watetezi wa kipimo hicho wana hoja tatu kubwa. Nitazitaja kwa haki, kisha nitazijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ni kwamba mchongaji wa namna hii hukimbilia maumbo yasiyofanana na kitu kwa sababu hajui kuchonga kinachofanana. Ati uzembe wake huuita fikra, na udhaifu wake huuita uhuru. Hoja hii yaweza kuwa kweli kwa mtu fulani, lakini haiwezi kumshika Brancusi. Alizaliwa mwaka 1876 katika kijiji cha Hobița, kwa wazazi wakulima, akachunga kondoo utotoni. Alijifunza ufundi katika mji wa Craiova, kisha katika chuo cha sanaa cha Bucharest. Alipokuwa huko, akisaidiwa na daktari Dimitrie Gerota, alitengeneza sanamu ya mtu aliyechunwa ngozi, ambayo kila msuli wake umeonyeshwa mahali pake. Usahihi wake ulikuwa mkubwa hata ikatumiwa kuwafundishia wanafunzi wa udaktari. Sasa niambie, msomaji: mtu aliyewaonyesha madaktari misuli ya binadamu, je, alishindwa kumtia ndege mdomo?

Hakushindwa, alikataa. Alifika Paris mwaka 1904, na mwaka 1907 akaingia katika karakana ya Auguste Rodin, mchongaji aliyekuwa na sifa kuliko wote wa zama zile. Mtu mwingine angeng'ang'ania nafasi hiyo kwa meno. Brancusi alikaa muda mfupi tu, akaondoka, kwa kuona kwamba mche hauoti vizuri katika kivuli cha mti mkubwa. Tangu hapo akashika njia ngumu, njia ya kupunguza. Katika hadithi za Romania yumo ndege wa ajabu aitwaye Maiastra, na karibu na mwaka 1910 Brancusi alianza kumchonga ndege huyo. Ndege wa kwanza alikuwa na kifua cha mviringo, shingo ndefu na mdomo uliofunguka. Hata mtu wa forodha angemtambua. Katika miaka iliyofuata mchongaji aliondoa kitu baada ya kitu. Miguu ikayeyukia katika kiwiliwili, shingo ikaungana na kifua, mdomo ukawa ukingo mwembamba uliokatwa mshazari. Mwaka 1923 akatoa Ndege katika Anga wa kwanza, wa marumaru. Baada yake akaendelea kulirudia wazo lile lile, mara kwa jiwe na mara kwa shaba, kwa miaka mingi.

Je, kilichobaki ni nini baada ya kuondolewa vyote hivyo? Kilichobaki ni kuruka. Ndege aliyetua ana miguu, ana mdomo, ana rangi za manyoya. Twaweza kumkalia chini tukamhesabu. Lakini ndege apaapo mbele ya macho yetu hatuoni vitu hivyo. Twaona mstari mmoja upandao, na mioyo yetu hupanda nao. Mtu akichonga kila unyoya, amemwonyesha ndege aliyekufa mezani. Brancusi alichonga kile ambacho jicho hukiona kwa dakika moja na moyo hukikumbuka siku nyingi. Basi nani kati ya hao wawili aliye karibu zaidi na kweli ya ndege?

Hoja ya pili ni ya fundi. Husemwa: "Hata mfua chuma yeyote aweza kutengeneza fimbo ya shaba na kuing'arisha." Watu wasemao hivi aghalabu hawajapata kushika tupa. Shaba ya sanamu ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Huyeyushwa motoni, ikamiminwa katika kalibu, na itokapo huwa na mashimo ya hewa, vipele na makovu. Katika kesi hii Brancusi aliulizwa maswali mjini Paris, na majibu yake yakapelekwa mahakamani. Alieleza kwamba baada ya kuipokea shaba kutoka kwa wasubu, aliyaziba mashimo, akazisahihisha kasoro, akaisugua kwa tupa na kwa unga laini wa msasa, na kwamba kazi hiyo yote aliifanya kwa mikono yake mwenyewe. Wachongaji wengi wa wakati ule waliwaachia wasubu kazi ya kumaliza. Yeye aliiona kuwa ndiyo kazi yenyewe. Hata alipotoa ndege zaidi ya mmoja katika umbo lililokaribiana, kila mmoja alimsugua upya, na kila mmoja ana wembamba wake.

Mwanafunzi wa Kenya aliyepata kufika Tabaka, katika nchi ya Kisii, anajua ninalolisema. Huko amewaona mafundi wa jiwe laini wakilisugua jiwe kwa msasa na maji, saa baada ya saa, mpaka vumbi jeupe ligeuke kuwa uso unaong'aa. Anajua kwamba mng'ao hauwezi kuficha kosa, bali hulitangaza. Mti uliochongwa kwa shoka huweza kusamehe mkono uliotetemeka. Shaba iliyosuguliwa haisamehi. Palipo na bonde dogo, hata la upana wa unywele, mwanga huanguka humo na kuchelewa kutoka. Mng'ao wa Brancusi una faida nyingine zaidi ya uzuri. Uso wa ndege yule ni kioo. Dirisha huonekana ndani yake limenyooshwa, mtazamaji huonekana amekuwa uzi, na kila apigapo hatua picha hizo hukimbilia juu. Sanamu imesimama mahali pamoja, na mwanga juu yake unaruka. Ndege mmoja wa shaba wa mwaka 1928, aliyemo katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, ana urefu wa sentimita 137, na mahali pake palipo pembamba pakaribia unene wa shina la mche mchanga. Uzito wote wa shaba umesimama juu ya wembamba huo bila ya kuonekana kuwa ni uzito. Nani atakayesema kwamba hilo ni jambo la fundi yeyote?

Swali hilo hilo liliulizwa mahakamani. Kesi ilisikilizwa kuanzia Oktoba, 1927, na mashahidi wa pande zote mbili waliitwa. Mchongaji Jacob Epstein alipoulizwa kama fundi wa madini hangeweza kutengeneza kitu kile, alijibu kwa maana hii: fundi aweza kukisugua, lakini hawezi kukitunga. Epstein huyo alileta mahakamani mwewe wa jiwe wa Misri ya kale, ambaye hakuonyeshwa kila unyoya wake, apate kuthibitisha kwamba jambo linaloitwa jipya lina umri wa maelfu ya miaka. Upande wa serikali nao ulikuwa na wachongaji wake, Robert Aitken na Thomas Jones, waliokana kwamba ile ni kazi ya sanaa. Nawataja ili msomaji ajue kwamba ujuzi wa kazi peke yake haumwokoi mtu na kipimo kimoja.

Katika maswali yote yaliyoulizwa, moja ladumu katika kumbukumbu yangu. Steichen, mwenye sanamu, aliulizwa kama akikutana na kitu kile msituni angekipiga risasi. Akasema la. Yamkini aliyeuliza alidhani kwamba ameiaibisha sanamu. Mimi nasema aliyeaibika ni kipimo. Kwani ni sanamu gani iliyo njema ambayo mwindaji ataipiga risasi? Kitu kilichotengenezwa ili kimdanganye mwindaji au ndege mwenzake ni chambo. Ikiwa kazi ya sanaa ni kudanganya macho, basi mfalme wa sanaa ni sanamu ya kuwatishia nyani shambani, na sisi sote twende tukaisujudie.

Tarehe 26 Novemba, 1928, hakimu Waite alitoa hukumu. Alikiri kwamba si rahisi kukihusisha kitu kile na ndege. Lakini alisema kwamba imetokea namna mpya ya sanaa, ambayo wafuasi wake hujaribu kuonyesha mawazo badala ya kuiga maumbile, na kwamba tukiipenda namna hiyo au tusiipende, haifai mahakama kujifanya haijui kuwa ipo. Akaona kwamba kitu kile ni kizuri, kwamba hakina kazi nyingine ila kupendeza, na kwamba kimefanywa na mchongaji wa kweli. Ushuru ukafutwa. Naiheshimu hukumu hiyo, na zaidi namheshimu mtu aliyeitoa, kwa kuwa hakudai kwamba amegeuka mpenzi wa sanamu mpya. Alifanya jambo gumu zaidi: aliruhusu kitu kisicho cha desturi yake kiwe na haki.

Sasa naijia hoja ya tatu, ambayo kwetu ndiyo yenye nguvu. Husemwa: "Hayo ni mambo ya Wazungu waliochoka na vitu vyao. Sisi Waafrika tuna akili timamu. Twataka mtu awe mtu na ndege awe ndege." Nasikitika kila nisikiapo maneno haya, kwa sababu msemaji hudhani kwamba anajitetea, kumbe anajikana. Na aende pwani yetu, kwa Wamijikenda, akaulize habari za kigango. Mzee wa chama cha Gohu afapo, huchongewa nguzo ya mti mgumu iwe ukumbusho wake. Kichwa chake aghalabu ni duara bapa. Kiwiliwili chake ni ubao ulionyooka, uliotiwa nakshi za pembetatu safu kwa safu. Hakina mikono wala miguu. Hakina hata kimoja katika vile vipimo vya kweli vilivyotakiwa na mahakama ya mwaka 1916. Walakini watu wa nyumba ile hawasimami mbele ya kigango wakacheka na kuuliza kama chafanana na marehemu. Wanajua kwamba sura ya marehemu imekwenda kaburini, na kilichobaki ni heshima yake, nayo heshima haina pua.

Vigango vingi viliibwa, vikauzwa ng'ambo kwa watu waliojua thamani yake kuliko jirani waliovipuuza, na katika karne hii baadhi yake vimeanza kurudishwa Kenya. Tena wachongaji wa Ulaya wa mwanzo wa karne ya 20, na Brancusi miongoni mwao, walizitazama kwa makini sanamu za Afrika zilizokuwa zimefikishwa Paris, wakajifunza kwamba umbo laweza kubeba wazo bila ya kuiga sura. Sisemi kwamba ndege wa Brancusi ni mtoto wa Afrika. Ndege huyo ana hadithi zake za Romania na miaka yake ya jasho. Nasema kwamba Mwafrika ndiye wa mwisho mwenye haki ya kuiita sanaa ya namna hiyo wazimu wa wageni. Kukicheka kitu ambacho babu zako walikuwa na akili ya kukifahamu si uzalendo. Ni kuazima kipimo cha mtu wa forodha wa New York, kisha kukiita urithi wako.

Hapana budi nikiri jambo moja, kwani hoja isiyokiri kitu haiaminiki. Si kila kisichofanana na kitu ni sanaa. Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, na wako wadanganyifu wanaouza vidonda. Wala bei si ushahidi. Mwaka 2018 sanamu nyingine ya Brancusi, ya shaba iliyong'arishwa, iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 71. Watu husikia hesabu hiyo wakanyamaza kwa adabu, kana kwamba hoja imekwisha. Haijakwisha. Aliyeitoza sanamu asilimia 40 na anayeisujudia kwa mamilioni wote wawili wametazama fedha, na wote wawili hawajatazama shaba.

Basi tupime kwa nini, ikiwa hatupimi kwa kufanana wala kwa bei? Tupime kwa maswali mengine. Je, kitu hiki kimeamuliwa, au kimetokea tu? Ukiongeza kitu hapa, au ukipunguza pale, kitaharibika? Je, mkono ulioifanya kazi uliheshimu shaba, au jiwe, au mti uliokuwa nao? Je, ukiisha kukizunguka na kuondoka, kuna kitu unachokiona duniani ambacho hukukiona jana? Maswali haya ni magumu kuliko lile la mtu wa forodha, na hayajibiwi kwa kutupa jicho mara moja. Husemwa kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nasema huambiwa, tena huambiwa kila siku, maana kuwa na macho ni jambo moja na kuyatumia ni jambo jingine.

Brancusi alikufa Paris mwaka 1957. Katika nchi yake, mjini Târgu Jiu, alikuwa ameacha mnara wa chuma uitwao Nguzo Isiyo na Mwisho, uliomalizika mwaka 1938 kwa ukumbusho wa askari wa Romania waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Kimo chake ni kiasi cha mita 29, na hauna sura ya askari hata mmoja. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1950 watawala wa mji waliufunga kwa minyororo na kuuvuta kwa trekta wauangushe, kwa kuwa hawakuona maana yake, mnara ukakataa. Mwaka 2024 UNESCO iliutia, pamoja na kazi zake nyingine za mji ule, katika orodha ya urithi wa dunia. Tazama, msomaji kijana, jinsi kipimo kimoja kinavyoweza kukua. New York kiliomba ushuru tu. Târgu Jiu kilileta minyororo. Anayeanza kwa kusema "sikioni, kwa hiyo hakipo" hajui atakakoishia.

Siku utakapoletwa mbele ya kitu kilichotengenezwa kwa mkono wa mtu na usikijue ni kitu gani, nakuomba ufanye jambo dogo. Usikisifu kwa kuogopa kuonekana mshamba, wala usikicheke kwa kuogopa kuonekana mjinga. Kaa kimya kidogo. Kizunguke. Tazama mwanga unaangukia wapi na unakwenda wapi. Ukimaliza, ukaona kwamba ni sufuria, sema ni sufuria, nami sitakupinga. Ila usiseme kabla hujatazama.